Kombe, Ngoma na Degedege: Mtoto Afike Hospitali Kwanza

Wadigo wa Kwale wengi wao ni Waislamu. Huswali, hufunga Ramadhani na huzika kwa sheria ya dini. Hata hivyo, mila za mababu hazikuwatoka. Wazee wangali wanatunza Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio karibu na Diani, na maradhi mengi bado husemwa kuwa ni ya pepo.

Katika tiba, mambo haya mawili huchanganyika. Mwalimu wa chuo huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, huziosha kwa maji, na mgonjwa hunywa. Hilo ndilo kombe. Nafuu isipopatikana, huitwa mganga wa pepo na ngoma yake. Hata hapo Uislamu haukosekani, kwani yuko pepo wa Kiarabu anayetaka ubani, marashi na nguo nyeupe. Wapo masheikh wanaokataza ngoma hizo lakini wakaruhusu kombe.

Mgonjwa mwenye huzuni au hofu huweza kufarijika jamaa wakimzunguka na kumwombea. Daktari hana sababu ya kuligombea hilo. Hatari imo katika saa zinazopotea.

Mtoto mdogo mwenye homa na degedege huenda ana malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na maradhi hayo huweza kuua kwa siku moja. Wako wanaoamini kwamba sindano humwua mtoto wa aina hii. Si kweli. Kinachoua mara nyingi ni kuchelewa.

Mtoto akishikwa, fanya hivi:

- Mlaze ubavu, ulegeze nguo na kamba ya hirizi shingoni.
- Usimtie kitu kinywani, wala usimnyweshe chochote, hata kombe. Maji huweza kuingia mapafuni.
- Mpeleke hospitali mara moja.

Mwenye kifafa naye asiache tembe zake kwa sababu ya ngoma au kombe. Akiziacha ghafla, huweza kushikwa mfululizo bila kupumzika. Na anayekunywa kombe ahakikishe maji yamechemshwa na zafarani ni halisi, si wino wa kalamu.

Msomaji uliye mjini, ukipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba mtoto ana degedege, usibishane na wazee juu ya pepo. Tuma nauli ya hospitali. Dua inaweza kusomwa njiani.