Giza la Kiwambo: Namna ya Kuchunguza Kipakatalishi chenye Linux

Jioni moja hapa Port Reitz, umeme ulikatika. Uliporudi, kipakatalishi changu kiliwaka, feni ikavuma, lakini kiwambo kikabaki cheusi tititi. Ndani yake mlikuwa na tasnifu yangu, na zilikuwa zimesalia siku tatu kuiwasilisha. Fundi niliyemwendea hakukikagua; alisema tu kwamba kioo kimekufa, sharti kinunuliwe kingine. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Makala haya basi yanakusudia kumwonyesha msomaji namna ya kutambua kasoro ilipo kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza, tubaini iwapo mashine i hai. Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila ubonyezapo, kerneli, yaani kiini cha Linux, inafanya kazi. Kisha kimulike kiwambo kwa kurunzi kutoka pembeni, chumba kikiwa gizani. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo. Kinachokosekana ni taa ya nyuma. Huenda imeharibika, au mwangaza umeshushwa mno. Jaribu vitufe vya mwangaza.

Pili, unganisha kiwambo cha nje au projekta. Picha ikitokea huko, usishughulike na jambo jingine kabla ya kunakili kazi yako kwenye diski mweko. Kisha, ikiwa unatumia mfumo wa X, andika amri ya xrandr. Kiwambo cha ndani huitwa LVDS katika mashine za zamani na eDP katika mpya. Kikiorodheshwa kuwa kimeunganishwa, amri kama xrandr --output eDP-1 --auto huweza kukiamsha. Kisipotambuliwa kabisa, shuku waya wake.

Tatu, zima mashine, uiwashe tena na kutazama sekunde za mwanzo. Nembo ya mtengenezaji ikionekana, kisha giza likaingia Linux inapoanza, kiwambo ni kizima na mshukiwa ni programu. Sababu ni kwamba tangu mwaka wa 2009, kerneli ilianza kujipangia yenyewe umbo la picha mapema wakati wa kuwaka. Ikikosea kuitambua sehemu ya michoro, huweza kupeleka picha pasipo kiwambo, au kuizima taa ya nyuma.

Kuthibitisha hayo, fungua menyu ya GRUB kwa kushikilia Shift, au kwa kubonyeza Esc katika mashine mpya. Bonyeza herufi e, utafute mstari unaoanza kwa neno linux, uongeze nomodeset mwishoni mwake, kisha ubonyeze F10. Badiliko hili hudumu kwa mara hiyo moja tu, kwa hiyo halina madhara. Picha ikirudi, washa tena na uchague kerneli ya awali katika menyu iyo hiyo.

Hivyo ndivyo nilivyofanya, na tasnifu ikaonekana. Ndipo nilipong'amua kwamba umeme ulisingiziwa. Betri yangu ilikuwa imechakaa, hivyo umeme ulipokatika mashine ilizimika. Ilipowaka, ilitumia kwa mara ya kwanza kerneli mpya niliyoipakia siku chache kabla. Kioo hakikuwa na kosa lolote.

Lakini ikiwa hata nembo haionekani, ilhali kiwambo cha nje kinaonyesha, tatizo huwa aghalabu ni la waya, taa au kioo chenyewe. Kwetu kando ya hori, unyevu na chumvi huweza kula viunganishi. Hapo fundi anahitajika. Mwombe akague waya kwanza, kwani bei ya waya si bei ya kioo.

Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu inayozungumza Kiswahili. Ikiwa programu zimejifunza lugha yetu, nasi hatuna budi kuitumia kuzitengeneza.