Makumbusho ni amana: jengo likianguka, kitabaki nini?

Familia zinazopunga upepo Forodhani, Unguja, zimezoea kuliona jumba moja refu mbele ya bustani hiyo: Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mwaka 1896 lilinusurika mizinga ya Waingereza iliyoangamiza kasri la jirani yake. Lakini tarehe 25 Disemba 2020, hali likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.

Jumba hilo ndilo lililokuwa makao ya makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao wa Waswahili. Kutokana na ubovu wa jengo, milango yake ilikuwa imefungwa kwa wageni miaka kadhaa kabla ya siku ile. Wako basi watoto wa Unguja waliokua wakilipita jumba hilo kila siku pasina kujua kilichomo ndani. Kwao wao, makumbusho yalikwisha kutoweka kabla kuta hazijaanguka.

Msiba wa namna hii haukuwafika Wazanzibari peke yao. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, taasisi iliyoasisiwa mwaka 1818 na iliyohifadhi vitu vipatavyo milioni 20. Wazima moto walipofika, mabomba ya maji ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Asubuhi yake, wanafunzi wa fani ya makumbusho wakawaomba wananchi watume picha walizopiga walipozuru. Picha zikamiminika. Sehemu ya kumbukumbu iliyoungua ikaonekana kumbe imo katika simu za wageni wa kawaida.

Tunajifunza nini? Kwanza, usipoziba ufa utajenga ukuta. Matengenezo madogo ya kila mwaka hayana sherehe wala utepe wa kukatwa, nayo ndiyo yanayoepusha maafa. Katika miji yetu ya pwani, chumvi ya bahari na maji ya mvua hula chokaa na boriti kimya kimya. Fedha za paa na mifereji hazifai kungojea mpaka jengo liinamie upande.

Pili, kitu cha thamani kisikae mahali pamoja tu. Mfano mwema tunao Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh. Miswada yake ya kale ya Kiarabu, ambayo baadhi yake iliwekwa wakfu kwa ajili ya wanafunzi, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa kwa njia ya kompyuta, huku miswada yenyewe ikibaki Lamu. Waliotoa wakfu walitaka elimu iendelee kunufaisha baada yao, na nakala hizo zinaitimiza nia hiyo kwa chombo kipya.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, makumbusho yanahitaji watu wanaojua maana ya vilivyomo. Katika Makumbusho ya Lamu zimo siwa mbili mashuhuri, ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba. Mtoto akiitazama siwa peke yake ataona pembe kubwa isiyolia. Akiwa na bibi anayejua ni harusi za nani zilizopigiwa siwa, na nani aliyeruhusiwa kuipiga, ataona mji mzima. Bibi huyo hatakuwapo siku zote, wala maelezo yake hayamo ndani ya kioo.

Kwa hiyo, mustakabali wa makumbusho hauko mikononi mwa serikali na wafadhili peke yao. Wasimamizi wanapaswa kuwakaribisha wazee wasimulie, walimu wa shule na madrasa walete wanafunzi wao, na wenyeji waulizwe ni nini wangependa kihifadhiwe. Nasi majumbani tunayo sehemu yetu. Wangapi kati yetu tunao msahafu wa mkono wa babu, sanduku la njumu, barua za zamani au picha zisizo na majina? Likizo hii tukae na wazee wetu, tuandike kila kitu ni cha nani, kilitoka wapi na kilitumikaje, tukipige picha, na nakala tumpe ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Makumbusho ni amana tuliyoipokea kwa waliotutangulia, na wenye haki ya kukabidhiwa ni wanetu. Boriti zikivunjika, mafundi wanaweza kuweka nyingine. Mzee akiondoka na maelezo yake kabla hatujamuuliza, hakuna fundi wa kuyarejesha.