Istilahi za Nuru, Pigmenti na Oksijeni ya Majini

Mwaka 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda waliingia Wilaya ya Ngara katika muda wa siku moja hivi, na maji salama yakawa suala la uhai. Mojawapo ya njia za kuyasafisha maji machache ya nyumbani ni kuyaanika juani katika chupa angavu ya plastiki: saa 6 kukiwa na jua, siku 2 kukiwa na mawingu. Mwalimu wa Murusagamba akitaka kueleza sababu yake kwa Kiswahili, atahitaji istilahi zisizopotosha.

Kwanza ni *pigmenti*. Neno “rangi” halitoshi, kwani rangi ni kile kionwacho na jicho, ilhali pigmenti ni kemikali inayofyonza nuru. Baadhi ya pigmenti, baada ya kufyonza nuru, huikabidhi nishati yake kwa oksijeni iliyoyeyuka majini. Twapendekeza ziitwe *vipokezanuru*. “Kipokeanuru” hakifai: kila chenye rangi hupokea nuru, lakini si kila kipokeacho hukabidhi. Tabia hii ilitambuliwa na Oscar Raab mjini Munich, aliyechapisha mwaka 1900 habari za viumbe vidogo vilivyokufa katika maji yenye akridini vilipopata mwanga.

Pili ni *oksijeni tendaji*. Oksijeni iliyopokea nishati hiyo hudumu majini kwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Njia nyingine ni kupokea elektroni, na hatimaye kuzaa hidrojeni peroksidi. Zote huunguza utando wa bakteria, zikisaidiana na joto na mionzi ya urujuanimno.

Mfasiri akiandika “sumu”, mama ataimwaga chupa. Akiandika “dawa”, atauliza inauzwa wapi. Neno *tendaji* halitishi wala haliahidi.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba maji ya kahawia ya mabondeni yana vipokezanuru vingi, lakini pigmenti hizo hizo huizuia nuru isifike chini. Kwa hiyo maagizo yaseme wazi: maji yachujwe kwanza. Vipokezanuru vilivyomo ndani ya bakteria wenyewe vitaendelea na kazi.

Jaribio lililofanywa miongoni mwa watoto wa Kimasai nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 1996, lilionyesha kwamba njia hii hupunguza kuhara. Ni wajibu wetu kuieleza kwa maneno yanayoaminika.