Dawa ya Moyo Inapokutana na Septrini

Mwaka 1999 wagonjwa wa moyo walipata habari njema. Utafiti wa RALES, uliofuatilia watu 1,663 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa vibaya kusukuma damu, ulionyesha kwamba spironolaktoni, kidonge cha siku nyingi, kinapunguza vifo kwa asilimia 30. Madaktari wakaanza kukiandika kwa wingi. Huko Ontario, Kanada, mtafiti wa usalama wa dawa David Juurlink na wenzake wakachunguza yaliyofuata, na mwaka 2004 wakatoa majibu: wazee wenye tatizo hilo la moyo waliolazwa kwa sababu potasiamu imezidi kwenye damu walikuwa wameongezeka kutoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 hadi 11. Vifo navyo vilipanda.

Kidonge hakikuwa kibovu. Potasiamu ni madini yanayouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio, na figo ndizo hutoa ya ziada kwa njia ya mkojo. Spironolaktoni huzizuia figo kuitoa. Enalapril na captopril, ambazo wagonjwa hao hao huandikiwa, nazo huelekea huko huko. Potasiamu ikizidi sana, moyo hupiga ovyo na unaweza kusimama ghafla, mara nyingi bila dalili ya kumshtua mgonjwa mapema.

Sasa tuje Kagera, Tanzania. Huu ndio mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa, mwaka 1983, na kotrimoksazoli, yaani Septrini, imezoeleka. Wapo wanaoishi na VVU wanaoimeza kila siku kwa kinga. Wapo wanaoinunua tu kwa kikohozi au tumbo. Mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani yake, trimethoprim, nayo huzizuia figo kutoa potasiamu. Mwaka 2011 watafiti wa Ontario, Juurlink akiwemo, walionyesha kwamba wazee wanaotumia spironolaktoni wakipewa Septrini, uwezekano wao wa kulazwa kwa potasiamu kuzidi huwa mara 12 ya wale waliopewa amoksilini. Anayeimeza kwa kinga asiiache kwa kusoma makala hii. Aulize kliniki, na damu yake ipimwe.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ya umri wa wagonjwa wetu. Utafiti wa TaHeF, uliofanywa hospitali ya Muhimbili na Dkt. Abel Makubi na wenzake kwa wagonjwa 427, ulikuta wastani wa miaka 55, na chanzo kikuu kikiwa shinikizo la damu, asilimia 45. Mtu wa miaka 55 huku Ngara, Kagera, bado anashika jembe. Mgongo ukimsumbua anakwenda duka la dawa muhimu, anapewa kipakiti kilichoandikwa 1x3. Diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwili ubakize chumvi na maji, na hupunguza damu inayofika kwenye figo. Furosemidi, dawa yake ya kutoa maji mwilini, inayatoa; diklofenaki inayarudisha. Miguu inavimba, inauma, na mgonjwa anarudi dukani kuongeza dawa ya maumivu! Parasetamoli ingemfaa zaidi.

Na chakula? Ndizi na maharage vina potasiamu nyingi. Sipendi mgonjwa akatazwe mlo wake kabla hajapimwa. Potasiamu ikionekana imepanda, kuchemsha ndizi na kumwaga maji yake husaidia kiasi.

Kipimo cha damu ndicho kinachotofautisha spironolaktoni na sumu. Huko Tayside, Uskoti, matumizi ya spironolaktoni yaliongezeka vivyo hivyo baada ya 1999, lakini utafiti wa mwaka 2010 haukukuta ongezeko la kulazwa kwa potasiamu. Wagonjwa walikuwa wakipimwa damu mara nyingi zaidi. Utaratibu unaokubalika ni kupima potasiamu na kreatinini kabla ya kuanza, baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki nne.

Kwa mgonjwa wa Kabanga au Nyakanazi, huku Kagera, kupimwa hivyo ndiko kwenye ugumu, na kusafirisha damu si jibu rahisi. Damu iliyokaa muda mrefu kwenye chupa, au iliyotikiswa njia nzima juu ya pikipiki, hupasuka chembe zake; potasiamu iliyokuwa ndani humwagika na majibu hutoka juu kwa uongo. Afadhali mgonjwa apimiwe pale pale anapotolewa damu, na tarehe za kupima zipangwe siku ile ile anayoandikiwa dawa. Hospitali isiyoweza kupima ifikirie mara mbili kabla ya kumwanzishia.

Nyumbani, uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanarudi: nenda kliniki usisubiri tarehe. Ukiharisha au kutapika hadi kukaukiwa maji, wasiliana nao siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda spironolaktoni na enalapril zikahitaji kusimamishwa kwa muda. Na dukani, kabla hujataja unachoumwa, mwambie muuzaji dawa za moyo unazotumia. Bora zaidi, mwonyeshe pakiti zenyewe.