Faili Lililofutwa Limekwenda Wapi? Maelezo Kuhusu Istilahi za Saraka ya Diski

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu na walimu wa somo la kompyuta, moja halikomi kurudi: je, neno "futa" lafaa kueleza kile kinachotendeka mtu anapoliondoa faili katika diski? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake halipatikani katika kamusi peke yake. Yatupasa kwanza tuujue utendaji wa mifumo endeshi ya awali, kwani ndiyo iliyoturithisha maneno tunayohangaika nayo hadi leo.

Tuanze na faili lenyewe. Katika masjala ya ofisi, faili ni jalada lenye karatasi zilizotobolewa na kufungwa pamoja. Karani hulipa namba, akaiandika katika daftari lake, kisha akaliweka rafuni. Mwenye kulichukua jalada amezichukua karatasi zote. Katika diski mambo sivyo yalivyo. Faili la diski ni mfano wa jalada ambalo karatasi zake zimetawanywa katika rafu mbalimbali, moja huku na nyingine kule, na kinachozifanya ziwe kitu kimoja ni maandishi ya daftari tu. Daftari likiharibika, karatasi zote zingalipo, lakini faili halipo.

Mfano ulio wazi ni mfumo wa CP/M, uliotungwa na Gary Kildall huko Marekani mwaka 1974 kwa ajili ya kompyuta ndogo. Diski yake ya kawaida ilikuwa sahani laini ya sumaku yenye upana wa inchi 8. Juu yake palikuwa na mizingo 77, yaani mistari ya duara isiyokutana, na kila mzingo uligawanywa katika vipande 26 vya baiti 128 kila kimoja. Jumla yake ni baiti 256,256, ambazo leo hazitoshi kuhifadhi picha moja nzuri ya simu. Mizingo 2 ya kwanza iliwekwa kando kwa ajili ya mfumo wenyewe. Iliyobaki ilihesabiwa kwa mafungu ya vipande 8, kila fungu likiwa na baiti 1,024 na namba yake. Mafungu yote yalikuwa 243, na mawili ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa saraka.

Saraka hiyo ilikuwa na nafasi ya mistari 64, kila mstari baiti 32. Baiti ya kwanza ilionyesha hali ya mstari. 8 zilizofuata zilichukua jina la faili, na 3 aina yake. (Neno "istilahi" lina herufi 8, basi laenea barabara, "Kiswahili" lina 9, nalo lilipaswa kukatwa mkia.) Baiti 4 zilikuwa za hesabu mbalimbali, na 16 za mwisho zilitaja namba za mafungu yenye maandishi ya faili hilo, moja baada ya nyingine. Faili lililozidi mafungu 16 lilipewa mstari wa pili katika saraka, kisha wa tatu, kwa kadiri ya urefu wake.

Sasa tazama jinsi faili lilivyoondolewa. Mtumiaji aliandika amri ERA, ambayo ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kufuta kama afutavyo mtu maandishi ya penseli kwa raba. Mfumo haukugusa hata fungu moja la maandishi. Uliibadilisha baiti ile ya kwanza ya mstari, ukaweka 229, na kazi ikaisha. Jina lilibaki na namba za mafungu zilibaki. Ila tangu hapo mfumo uliuhesabu mstari huo kuwa ni nafasi wazi, na mafungu yake kuwa hayana mwenyewe. Na kwa kuwa diski mpya za aina hiyo zilitoka kiwandani zimejazwa thamani ile ile ya 229, saraka ya diski ambayo haijatumika ilisomeka kama saraka ambayo kila mstari wake umekwisha kufutwa.

Alama hiyo ya 229 ilirithiwa na mfumo wa DOS, uliotoka pamoja na kompyuta ya IBM mwaka 1981, ila hapo iliwekwa juu ya herufi ya kwanza ya jina. Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Katika DOS mstari wa saraka hutaja fungu la kwanza tu. Mengine hufuatwa katika jedwali la pembeni, ambamo kila fungu huelekeza kwenye fungu linalofuata, kama shanga zilizotungwa katika uzi. Faili likifutwa, uzi huo nao hukatwa. Jedwali la jinsi hiyo lilitungwa kwanza na Marc McDonald mwaka 1977, na jamii yake bado hutumika katika flashi na kadi za kumbukumbu.

Sisi wenyewe tumeyaona hayo kwa macho. Faili letu liitwalo ISTILAHI liliondolewa kwa bahati mbaya katika flashi, na fundi aliyejaribu kulirejesha alituonyesha jina lisilo na kichwa: alama moja ya kukisia, kisha STILAHI. Maneno yalirudi hadi herufi M. Baada ya hapo palifuata hesabu ya posho za safari, kwa sababu uzi ulikwisha katika jedwali na programu ilikisia kwamba fungu la jirani ndilo letu. Kazi ya miezi miwili iliandikwa upya.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mwaka 1969, ulishika njia nyingine. Humo saraka ina jina na namba tu: katika matoleo ya awali, baiti 2 za namba na 14 za jina. Namba hiyo humpeleka mtafutaji kwenye kadi iliyo mahali pengine katika diski, na kadi ndiyo ijuayo mafungu, ukubwa na mwenye faili. Kwa hiyo faili moja laweza kuwa na majina mawili au matatu katika saraka mbalimbali. Kuliondoa jina huko hakukuitwa kufuta, bali kutengua kiungo. Na mafungu huachiliwa pale tu jina la mwisho litakapotenguliwa na pasiwe na programu inayolitumia faili hilo.

Ama kuhusu "futa", wapo wanaotaka neno hili liachwe, kwa hoja kwamba ladanganya. Hatukubaliani nao. Hoja yao yatokana na ubao wa darasani, ambapo kinachofutwa hutoweka. Lakini Kiswahili kina kufuta kwa namna nyingine: kesi hufutwa, na majalada yake yakabaki mahakamani, jina hufutwa katika orodha, na mwenye jina akaenda zake mzima. Huko ndiko kufuta kwa diski ya sumaku. Mwalimu akitoa mfano wa kesi badala ya mfano wa ubao, mwanafunzi hatashangaa kwamba faili laweza kurudi, wala karani hatagawa kompyuta kuukuu yenye mishahara ya watumishi akidhani haina kitu. Kwa kitendo cha kuandika juu ya mafungu yenyewe hata maandishi yasisomeke, twapendekeza "pangusa".

Linabaki jina la ile kadi ya Unix. Waingereza huitanguliza kwa herufi i, na baadhi ya watafsiri wamejaribu "kifundo", ingawa hakuna kilichofundikwa. Mwaka 2002 Ritchie mwenyewe alipoulizwa maana ya herufi hiyo alikiri kwamba hajui kwa hakika; alikisia kuwa ni faharasa. Tumeandika "kadi-faharasa" katika rasimu yetu, nasi twawaomba walimu walijaribu darasani kabla halijapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.