"Hakuna Shida, Vijana Watakubeba": Kweli na Uongo Kuhusu Hoteli na Kiti Mwendo

Mtu anayetumia kiti mwendo akipiga simu hotelini kuulizia chumba, jibu analopewa mara nyingi ni "karibu sana, hakuna shida." Aliyepokea simu hana nia ya kudanganya. Ni kwamba hajawahi kupima mlango wa bafu.

Chumba kikiwa cha chini, kinatosha. Si kweli.

Kinachokwamisha safari nyingi ni bafu. Kiti cha kusukuma kwa mkono huwa na upana wa kama sentimita 60 hadi 70, na mlango wa bafu ndio mafundi wetu hupenda kuufanya mwembamba kuliko yote. Viwango vya Marekani vinadai uwazi wa sentimita 81.5, unaopimwa mlango ukiwa umefunguliwa, maana ubao wenyewe nao unakula nafasi. Ukishapita, kuna kizingiti cha kuzuia maji ya shawa. Kuna mlango unaofungukia ndani na kumaliza sehemu ya kugeukia, ilhali kiti kinahitaji duara la mita moja na nusu hivi. Kuna choo kilichobanwa kati ya ukuta na sinki, huwezi kusogeza kiti ubavuni ukajihamishia. Vyuma vya kushikilia, vikiwapo, huenda vimefungwa mahali mkono usipofika. Na hoteli za kifahari hupenda beseni refu la kuogea, ambalo kwa mtu asiyeweza kuinua miguu ni pambo.

Nyota tano ni dhamana. Si kweli. Nyota hazikuambii upana wa mlango wowote.

Kukiwa na mteremko mlangoni, hoteli imejiandaa. Inategemea.

Kipimo kinachokubalika sehemu nyingi ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinahitaji mteremko wa mita 5.4. Ukiona ubao mfupi umeegemezwa kwenye ngazi hizo, huo ni wa kupitishia mizigo.

Vijana wetu watakubeba. Kweli, watakubeba.

Tatizo liko hapo hapo. Wabebaji wasiofundishwa hushika sehemu za kuegemea mkono, ambazo kwa viti vingi huchomoka. Kiti cha umeme kinaweza kuzidi kilo 100 kabla mwenyewe hajakikalia. Halafu nani atakuteremsha saa nane usiku moto ukizuka, au umeme ukikatika na lifti haimo kwenye jenereta? Hata siku ya amani, mtu mzima analazimika kuwaita watu wanne kila anapotamani kikombe cha chai. Mimi jibu hili nalihesabu kuwa "hapana" iliyosemwa kwa adabu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar haufai kabisa. Nusu kweli.

Watu huogopa vichochoro, lakini ardhi yenyewe ni tambarare kwa sehemu kubwa na bustani ya Forodhani iko ufukweni. Kikwazo ni majumba: vizingiti virefu chini ya milango ya nakshi, ngazi zenye mwinuko mkali, mgahawa juu ya paa. Ni busara kulala katika jengo jipya nje ya Mji Mkongwe na kuja kutembea mchana.

Sheria inatulinda. Kweli, kwenye karatasi.

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa, na Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka huo huo. Ninachowaonea wivu Wamarekani ni kanuni ya 2012: hoteli inatakiwa ieleze kinaganaga wakati wa kuweka nafasi chumba kikoje, kisha ikishikilie chumba hicho hicho.

Huku kwetu kazi hiyo unaifanya mwenyewe. Usiulize kama hoteli inafaa. Omba kwa WhatsApp picha ya mlango wa bafu ukiwa wazi na futi ya fundi ikiwa imenyooshwa katikati, picha ya choo kutoka ubavuni, ya sakafu ya shawa, ya njia kutoka maegesho hadi mapokezi, na urefu wa kitanda pamoja na godoro. Omba pia namba ya chumba hicho, na jibu lote libaki kwenye simu. Ukifika ukaambiwa kimeshachukuliwa, utakuwa na cha kumwonyesha meneja.