Amri za Vita na Kiti cha Mangi

Tarehe 24 Agosti 1939, kabla vita havijatangazwa, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ulinzi wakati wa hatari. Kisha ikaenezwa hata katika makoloni, na magavana wakapata uwezo wa kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria. Wajapani walipozitwaa Ufilipino na Java mwaka 1942, mkonge ukawa haba ulimwenguni, na katika Tanganyika watu wakapelekwa mashambani kwa lazima.

Basi, Gavana alikaa Dar es Salaam. Huku Uru amri za Serikali zilifika kwa mdomo wa Mangi na wachili wake. Mangi alikuwa na baraza na hukumu zake, lakini kwa sheria ya 1926 uwezo wake ulitegemea Serikali, nayo iliweza kumwondoa kitini. Hivyo watu walimnung'unikia aliye karibu kwa neno la aliye mbali.

Leo Katiba ya 1977, ibara ya 32, humruhusu Rais kutangaza hali ya hatari nchini kote au sehemu yake yoyote. Lakini Spika hana budi kuliita Bunge ndani ya siku 14, na tangazo halisimami pasipo theluthi mbili ya wabunge wote. Mwaka 1939 hapakuwa na mtu wa Uru aliyeulizwa.